Kumfadhili mtoto wa Mtwara au Lindi ukiwa mbali: mwongozo kamili, kuanzia karatasi hadi korosho

Pesa ya sare iliingia kwenye simu yangu tarehe 9 Machi. Shule zilikuwa zimefunguliwa Januari. Binti mwenyewe, kidato cha kwanza, alikuwa ameshaacha kwenda: siku ya kwanza alivaa sketi ya kuazima, siku ya pili wenzake wakamcheka, siku ya tatu bibi yake akamwambia basi twende shamba tukapalilie. Mfadhili wake, Mtanzania mwenzetu anayeishi Uingereza, hakuwa mchoyo hata kidogo. Alituma zaidi ya ilivyohitajika, ila alituma siku aliyopata yeye. Kumrudisha binti darasani kulitugharimu muhula mzima, na nusu ya kosa ni langu, maana mimi ndiye niliyekuwa katikati na sikumpa tarehe.

Nimefundisha shule za msingi huku Masasi na Newala, sasa nimestaafu. Watu walio Dar, Muscat, London na Marekani hunipigia: "Mwalimu, nitafutie mtoto yatima nimsomeshe." Haya ndiyo ninayowajibu, ila hapa nayaandika kwa kirefu, maana kwenye simu salio huisha kabla sijafika kwenye korosho.

Ufadhili huu umetoka wapi

Mtindo wa mtu mmoja kumchukua mtoto mmoja wa nchi nyingine, akapewa picha yake na kuandikiwa barua, una umri wa kutosha. Mwaka 1937, Hispania ikiwa vitani, mwandishi wa habari Mwingereza John Langdon-Davies alianzisha mpango wa namna hiyo kwa watoto waliokimbia mapigano. Ndio uliokuja kuwa Plan International. ActionAid nayo ilianza mwaka 1972 na wafadhili 88 wa Uingereza kwa watoto 88 wa India na Kenya. Baada ya miaka mingi mashirika kadhaa yaliona tatizo ambalo mama yeyote wa kijijini angewaambia bure: ukimvisha mtoto mmoja viatu na kuwaacha watano wa nyumba hiyohiyo pekupeku, umeleta ugomvi. Kwa hiyo siku hizi picha unayopewa ni ya mtoto mmoja, lakini sehemu kubwa ya pesa yako huenda ikaingia kwenye kisima, darasa au mafunzo ya wazazi. Si utapeli huo. Uliza tu kabla hujajiunga, usije ukanung'unika baadaye.

Je, inasaidia? Mwaka 2013 wachumi Bruce Wydick, Paul Glewwe na Laine Rutledge walichapisha utafiti juu ya watu waliofadhiliwa utotoni na shirika la Compassion katika nchi 6, zikiwamo Kenya na Uganda. Waliofadhiliwa walikuwa wamesoma zaidi ya wenzao kwa mwaka mmoja hadi karibu mwaka na nusu. Mwaka mmoja unaonekana kidogo mpaka ukumbuke kwamba huku kwetu ndio unaotenganisha aliyeishia darasa la saba na aliyeingia sekondari. Ila wale walifadhiliwa kwa miaka mingi mfululizo. Ukiwa na uwezo wa mwaka mmoja tu, mpe mtu sadaka yako kwa moyo mweupe, usiiite ufadhili.

Yatima ni nani, na ni wa nani

Hapa wafadhili wengi hujikwaa. Kwa hesabu za UNICEF, yatima ni mtoto aliyefiwa na mzazi mmoja au wote wawili. Katika Uislamu, na Mtwara na Lindi Waislamu ni wengi, yatima ni aliyefiwa na baba kabla ya kubaleghe. Taasisi nyingine za kafala, yaani ulezi wa yatima kwa utaratibu wa Kiislamu, hufuata hesabu hii ya pili, kwa hiyo aliyefiwa na mama hawamwandikishi, na aliyebaleghe humwondoa kwenye orodha, pengine akiwa kidato cha pili, pale pale gharama zinapopanda.

Sasa tazama ukoo wetu. Wamakonde, Wamwera, Wayao na Wamakua kwa asili huhesabu ukoo kwa mama. Mtoto ni wa kwao mama yake, na mwenye kauli juu yake ni mjomba. Kwa niliyoyaona mimi, mtoto aliyefiwa na baba mara nyingi hubaki na mama katikati ya ndugu zake, anakula kama walavyo wenzake. Aliyefiwa na mama ndiye anayezungushwa: mwaka huu kwa bibi Kitangari, mwakani kwa mama mdogo Mangaka, mwaka wa tatu shule haijui yuko wapi. Ukiniuliza nianze na nani, nitaanza na huyo, hata kama kwenye fomu yako hahesabiwi yatima. Na kuna mtoto ambaye wazazi wote wako hai, baba kaondoka zake Songea, mama mgonjwa. Huyo naye muulizie.

Njia tatu, na ninayoipendelea

Unaweza kupitia shirika kubwa la kimataifa. Taratibu zao za kumlinda mtoto ni nzuri na utapewa taarifa kila mwaka, lakini hutachagua wilaya, na huenda wasiwepo kabisa katika kata ile uliyozaliwa.

Unaweza kupitia kikundi kidogo, taasisi ya dini au makao ya watoto. Kagua usajili, usione haya. Mashirika yasiyo ya kiserikali husajiliwa chini ya Sheria ya mwaka 2002, na orodha ya Msajili inapekuliwa mtandaoni. Pale halmashauri, Afisa Maendeleo ya Jamii atakwambia kama anawafahamu. Taasisi za dini huwa zimesajiliwa kama jumuiya, au wadhamini wao wamesajiliwa RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi, vifo na wadhamini. Makao ya watoto yanahitaji leseni chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Ukiuliza leseni ukajibiwa kwa maombi na wimbo wa watoto, funga mkoba wako.

Juu ya makao nina neno. Mwaka 2009 Save the Children walikadiria kwamba duniani, angalau watoto 4 kati ya 5 walio kwenye makao wana mzazi mmoja au wote wawili walio hai. Wamepelekwa kwa sababu ya umaskini, na pesa inayomlisha mtoto bwenini ingeweza kuilisha kaya yake nzima. Makao yanahitajika kwa mtoto aliyetupwa au anayepigwa, nami niliwahi kumpeleka mmoja kwa mkono wangu. Lakini kama bibi yupo, ana nguvu na anampenda mjukuu, basi umfadhili mtoto akiwa hukohuko kwa bibi.

Hiyo ndiyo njia ya tatu, ninayoipendelea: mtoto abaki kwao, wewe na watu wawili watatu mnaoaminiana mbebe gharama zake, ofisi ya serikali ikijua. Ndiyo yenye kazi nyingi zaidi, na maelezo yafuatayo yanaihusu hiyo.

Ingia kwa mlango wa ofisi

Usimchague mtoto kwa picha iliyotumwa kwenye kundi la WhatsApp. Picha hukutana na macho yako, haikutani na historia yake. Anza kwa Afisa Ustawi wa Jamii wa halmashauri, iwe Newala, Tandahimba, Ruangwa, Liwale au Kilwa. Sheria imempa kazi ya kuwaangalia watoto walio katika mazingira hatarishi, na bila yeye wewe ni mtu baki unayetafuta mtoto wa watu, jambo ambalo lazima limshtue kila mtu mwenye akili. Mtume ndugu yako na barua fupi: wewe nani, unaishi wapi, unataka kubeba nini, kwa miaka mingapi.

Kutoka hapo mtashuka kwa mtendaji wa kijiji na kamati ya ulinzi wa wanawake na watoto. Waombe majina ya watoto watatu, si mmoja, kisha muulize mwalimu mkuu bila wao kuwepo. Mwalimu ndiye anayejua nani hulala darasani kwa njaa. Uliza pia kama kaya imo kwenye Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini wa TASAF. Ikiwa imo, vizuri, wewe utajaza pengo. Ikiwa haimo na ni maskini hivyo, uliza kwa nini. Mara nyingi ni kwa sababu mlezi ni bibi asiyehudhuria mikutano.

Kikao cha mkekani

Kabla ya shilingi ya kwanza, kaeni na ukoo. Na mjomba awepo. Nisisitize: mjomba awepo. Niliwahi kukamilisha kila kitu na bibi wa mtoto, kijiji kimoja cha uwanda wa Newala, tukakubaliana hadi saizi ya viatu. Wiki mbili baadaye mjomba alirudi kutoka Mtwara mjini, akasikia mtoto "ameuzwa kwa wazungu", akamhamishia kwake. Mfadhili alikuwa Mmakonde wa Mikindani anayeishi Muscat! Ilibidi nirudi. Safari hii nilikaa mkekani, nikasalimia mmoja mmoja, nikanywa maji, nikaongea habari za mvua, ndipo nikasema, "Mjomba, nimekuja kuomba radhi. Nilipita nyuma ya nyumba." Alinyamaza kidogo. Kisha akasema, "Basi sasa umepita mbele, mwalimu. Sema." Tangu siku ile hakuna stakabadhi iliyopotea, maana yeye mwenyewe ndiye anayeitunza, ndani ya Msahafu.

Katika kikao hicho yasemwe wazi mambo haya, na yaandikwe. Mtoto ni wenu na atabaki wenu. Mfadhili hamwasili, wala hatamchukua kumpeleka mjini kufanya kazi za ndani. Pesa ni ya nini na si ya nini. Nani ataipokea. Na wale wengine wa nyumba hiyo itakuwaje? Mimi huwaambia wafadhili: ukinunua madaftari ya mmoja, nunua ya wote walalao chumba kimoja. Ni gharama ndogo sana kwa amani utakayoinunua.

Kisha uliza swali ambalo wageni hawalijui: marehemu aliacha mikorosho? Mtoto anayeitwa fukara huenda ana mikorosho 40 ya mama yake, na kila msimu kuna mtu anaiokota na kuuza kwa jina lake mwenyewe pale chama cha msingi cha ushirika. Sizungumzii wizi kila mara. Mlezi amepalilia, amepulizia salfa, ile dawa ya mikorosho, ana haki yake. Lakini mkikubaliana mbele ya mtendaji kwamba magunia fulani ni ya mtoto, umemfanyia jambo kubwa kuliko begi la shule lenye picha ya katuni.

Karatasi kabla ya viatu

Mwaka wa kwanza tumia pesa kwenye vyeti. Cha kuzaliwa cha mtoto, na cha kifo cha kila mzazi aliyefariki. Vyote hutolewa na RITA, na huku huduma iko ofisi ya Mkuu wa Wilaya. Kama marehemu alifia kijijini na hakuandikishwa, utahitaji barua ya mtendaji na mashahidi, utaenda na kurudi, nauli itakula pesa. Fanya sasa, mashahidi wangali hai. Nimemwona kijana mwenye alama nzuri za kidato cha sita akihangaika, kwa sababu Bodi ya Mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu humtaka yatima alete vyeti vya vifo vilivyohakikiwa na RITA, na shangazi pekee aliyekumbuka mwaka wa msiba alikuwa ameshazikwa.

Karatasi nyingine ambayo wafadhili hawaijui: ukimsomesha mtoto shule ya kulipia, Bodi itamwona ni mtoto wa mwenye nacho, isipokuwa awe na barua ya mfadhili inayothibitisha kwamba ada ililipwa na wewe. Iandike kila mwaka, weka tarehe na sahihi.

Weka vyote kwenye bahasha ya kaki moja, nakala kwa mwalimu au mtendaji. Juu yake andika namba ya PREM ya mtoto, ile ya usajili wa mwanafunzi. Bila hiyo uhamisho ni kazi.

Kalenda, ambapo mambo yote yamelala

Katika shule za serikali ada haipo: shule ya msingi hadi kidato cha nne tangu Januari 2016, na kidato cha tano na sita tangu mwaka wa masomo 2022/23. Kwa hiyo mtu akikuomba "ada ya shule ya kata", muulize anamaanisha nini. Pengine ni mchango wa chakula, ambao ni wa kweli na una maana, pengine ni mdomo tu. Gharama halisi ni sare, viatu, madaftari, sabuni, taulo za kike, mafuta ya taa au taa ya sola, chakula, na malazi kwa anayesoma mbali.

Malazi hayo uyatilie maanani. Sekondari ikiwa mbali na kijiji, watoto hupanga mageto: chumba cha udongo, wasichana watatu wa miaka 14, mlango wa bati, hakuna mtu mzima. Kila mwenye bodaboda anajua wanalala wapi. Ukiwa na pesa ya jambo moja tu kwa msichana wa sekondari, lipa hosteli ya shule kama ipo, au kitanda kwa mama wa makamo anayeishi jirani na shule. Mambo mengine yote yaje baadaye.

Sasa tarehe. Mwaka wa Kusini hauanzi Januari, unaanza na korosho. Minada hufunguliwa Oktoba, na kuanzia hapo hadi Desemba pesa ipo mitaani: bati jipya, pikipiki, sherehe. Wakati huo mtoto wako hahitaji sana pesa yako, isipokuwa msimu uharibike. Na huharibika. Msimu wa 2018/19 serikali ilitangaza kununua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, malipo yakachelewa, na kaya zenye magunia ghalani zikaingia Januari bila hata nauli.

Kuanzia Februari pesa imekwisha, chakula cha ghalani kinakata, mvua inanyesha na jembe linaita. Hiyo ndiyo miezi ya kangomba. Asiyejua, kangomba ni kuuza korosho za msimu ujao kabla hazijavunwa, au kuzitoa kwa kipimo cha bakuli, kwa bei ya kutupa, kwa sababu leo nyumbani hakuna unga. Mnunuzi hufika jioni, huongea taratibu, huacha noti chache chini ya kikombe. Gunia la Oktoba limeshaondoka. Serikali imekataza, lakini njaa haisomi matangazo.

Ndipo nasema: unga wa Februari na Machi ni pesa ya shule ya Januari ijayo. Tuseme umetenga shilingi 600,000 kwa mwaka. Mimi ningeigawa hivi. Mwanzoni mwa Desemba, 220,000 kwa sare na viatu, kabla mafundi wa cherehani hawajazidiwa. Februari hadi Aprili, 60,000 kila mwezi, inunue unga, maharage, sabuni, na mchango wa chakula shuleni. Hapo umeliokoa gunia. Juni, 100,000 kwa salfa na kibarua cha kupulizia mikorosho ya mtoto kama ipo. Kama haipo, iwe ya matibabu na viatu vya pili. Inabaki 100,000 ambayo hakuna aijuaye isipokuwa wewe na mpokeaji, ya dharura. Malaria haina muhula. Bei zinabadilika, kwa hiyo tuma mtu aulizie sokoni Masasi au Mtwara kabla hujapanga. Mgawanyo ndio ninaotaka ukumbuke.

Ukimpata mtoto wa kidato cha nne, jiandae mara mbili. Matokeo hutoka Januari, wanaokwenda kidato cha tano huripoti katikati ya mwaka, na fomu ya kujiunga huja na orodha ndefu: godoro, tranka, mashuka, ndoo, jembe, nauli ya kwenda mkoa ambao bibi hajawahi kuusikia. Na muda wa kuvitafuta ni wiki chache tu. Godoro hilo limewarudisha nyumbani watoto wengi kuliko hesabu.

Pesa ipite wapi

Apokee mtu mmoja, ashuhudie mwingine. Ukituma kwa simu, ujumbe wa muamala na picha ya stakabadhi vitumwe kwenu wote watatu. Panapowezekana mlipe muuzaji moja kwa moja: fundi cherehani, duka la viatu, shule kwa namba yake ya malipo. Mpokeaji mlipe nauli na muda wake, useme kiasi gani. Anayefanya kazi bure miaka mitano huanza kujilipa kimyakimya, na mwanzoni hata yeye hajioni.

Usitume mizigo ya nguo kutoka Dar. Mei 2024, baada ya kimbunga Hidaya, barabara ya kutoka Dar ilikatika Somanga na magari ya Kusini yakakwama. Lakini hata barabara ikiwa nzima, nunua hukuhuku. Pesa itabaki kwa fundi wa Masasi, na sketi ikichanika anajulikana alipo.

Barua, picha, ziara

Mtoto asiandikishwe barua ya kushukuru. Mwache aandike habari zake, hata kama ni za mbuzi. Picha ya uso, jina la kijiji na hadithi ya kifo cha mama yake visiende Facebook. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 hilo lina uzito wa kisheria, lakini hata bila sheria, fikiria atakapokuwa na miaka 25.

Ukija likizo, mtembelee kwao au shuleni, mchana, mlezi akiwepo. Usimchukue kulala hotelini Mtwara mjini, hata kwa nia njema. Usigawe pipi njiani. Beba sukari na majani ya chai kwa bibi, kaa, kula ulichopikiwa. Na mtoto apewe namba 116, ya bure, ya kutolea taarifa mtoto anapodhuriwa, hata anayemdhuru akiwa ni wewe au mimi.

Mambo yakienda kombo

Jando na unyago vitakuja, mara nyingi likizo ya Juni au Desemba, na kumtoa mwali kuna gharama: nguo mpya, chakula, ngoma. Usianze kuwahubiria watu mila yao kwa simu kutoka Minneapolis. Uliza tarehe mapema, sisitiza mtoto arudi siku shule inapofunguliwa, na waeleze kwamba pesa ya shule haichezi ngoma. Ukitaka kutoa doti ya khanga kwa mwali, itoe pembeni, kama shangazi au mjomba mwingine yeyote. Itapokewa kwa vigelegele.

Msichana akipata mimba, usikate msaada. Tangu Novemba 2021 anaruhusiwa kurudi shule ya serikali baada ya kujifungua, na vyuo vya maendeleo ya wananchi, Masasi, Newala na kwingineko, huwapokea pia. Nimeshamsikia mfadhili akisema "amenivunja moyo". Ana miaka 16. Moyo wako utapona.

Akifeli kidato cha nne, kuna vyuo vya ufundi, VETA Mtwara na VETA Lindi. Umeme, ushonaji, ufundi magari. Siandiki mengi hapa; nenda kaone wenyewe wanavyofanya kazi kisha uamue kama ni kufeli.

Pesa ikiliwa, usipige kelele kwanza. Uliza imekwenda wapi. Mara moja mlezi alikula pesa ya viatu kwa sababu mtoto mwingine alilazwa hospitali ya Ndanda. Nilimwambia angesema, tukaendelea. Mara nyingine ilikwenda kwenye uraka, pombe ya mabibo, wiki nzima. Huyo tulimbadilisha, kwa kikao, mjomba akiwa mwenyekiti, na malipo yote yakahamia dukani.

Kuondoka

Utaondoka siku moja: kazi itaisha, utaugua, au mtoto atakua. Toa taarifa mwaka mmoja kabla. Ukiishiwa ghafla, sema ukweli siku hiyohiyo. Watu wa huku wanaijua hali ya kuishiwa, wasichokijua ni simu isiyopokelewa. Waandikie ustawi wa jamii, na bahasha ya kaki mkabidhi mwenyewe akitimiza miaka 18.

Kijana mmoja wa Nanyumbu nilimkabidhi yake barazani kwangu. Alitoa karatasi moja moja, vyeti, barua, stakabadhi zilizofifia. Moja aliishika muda mrefu, ya viatu vya darasa la tano.

"Mwalimu," akasema, "hivi viatu vilinibana mwaka mzima."

Nilimuuliza mbona hakusema.

"Hakuna aliyeniuliza."